Kalamu Tano za Kopo la Biskuti: Shajara ya Ukarabati

Jumamosi, 11 Januari

Nyumba ya babu kule Ngamiani, Tanga, inapakwa chokaa, kwa hiyo kila kilichokuwa juu ya makabati kimeshushwa. Katika kushusha ndipo likatokea kopo la biskuti, la bati, picha yake imekwisha kufutika, na ndani yake kalamu tano za wino zimeviringishwa kwenye kipande cha kanga. Baba mdogo alikuwa ameshalitia kwenye kiroba cha takataka. Nikaliomba.

"Chukua," akasema, "ila usije ukaniambia baadaye kuna dhahabu."

Kuna dhahabu. Kidogo tu, nibu mbili za karati 14. Sijamwambia.

Nilizozikuta ni hizi: Parker 51 nyeusi yenye kifuniko cha chuma kisichong'aa na kishikizo cha mshale, Conway Stewart 58 ya marumaru ya kahawia, imechujuka, wenzo wake umekwama, Hero 616 ya kijani, Osmiroid 65 nyeusi, kifuniko kimepasuka hadi katikati, na moja isiyo na jina popote, ambayo wekundu wake umebaki chini ya kishikizo tu, kwingine imekuwa rangi ya matofali.

Babu alikuwa karani wa mishahara kwenye shamba la mkonge upande wa Muheza hadi alipostaafu mwaka 1969. Mtu aliyekula kwa kalamu. Parker ndiyo kalamu yake, hilo kichwani mwangu halina mjadala: ndiyo nzuri kuliko zote, na ndiyo iliyowekwa katikati ya nyingine kama yai. Kwa hiyo mpango ni kuanzia chini. Makosa nitayafanyia kwenye Conway, ambayo imechakaa kiasi cha kutokuwa na cha kupoteza. Mkono ukishakaa sawa ndipo niguse Parker.

Jumapili, 12 Januari

Leo sikufungua kitu. Nimeshinda natafuta majina. Shida ya kazi hii kwa Kiswahili ni kwamba nibu tunayo, kifuniko tunacho, kilichobaki inabidi mtu aokoteze. Basi humu ndani nitasema hivi: shingo ni pale vidole vinaposhika. Ulimi ni kile kipande cheusi chenye mifereji kinacholala chini ya nibu. Kifuko ni mpira unaobeba wino. Wenzo ni kile kijiti cha chuma ubavuni, na ndani yake lipo bamba jembamba. Ukiinua wenzo, bamba linakibana kifuko na hewa inatoka. Ukiurudisha, kifuko kinatanuka na kunywa wino. Aliyekata hataza ya namna hii mwaka 1908 ni Walter Sheaffer, mfanyabiashara wa vito wa Fort Madison, Iowa, huko Marekani. Viwanda vingi vya kalamu baadaye vilifuata njia hiyo au jirani yake.

Nimemweleza binti yangu jinsi wino unavyofika kwenye karatasi bila kumwagika, akaona namdanganya. Nikamwonyesha kandili. Mafuta ya taa yanapanda kwenye utambi bila kusukumwa na mtu, na wino nao unashuka vivyo hivyo kwenye ufa wa nibu, kwa sababu nafasi ni nyembamba. Kila tone linalotoka lazima hewa kidogo iingie kuchukua nafasi yake, na kazi ya ulimi ni hiyo: wino ushuke, hewa ipande, visigombane. Kalamu nyingi zinazosemwa zimekufa hazijafa, mifereji ya ulimi imeziba tu.

Jumapili, 19 Januari

Nimefungua Conway.

Kwanza nilisugua mwili wake kwa kidole gumba mpaka ukapata moto, nikaunusa. Kafuri. Maana yake ni seluloidi, kwa kuwa seluloidi hutengenezwa kwa kafuri ndani yake. Harufu yenyewe ni hafifu, lakini mtu wa kwetu akinusa kafuri anajua amewahi kuinusa wapi, na mimi nilikaa kitako dakika mbili kabla ya kuendelea. Kunusa huko si ushirikina. Conway Stewart walitengeneza pia kalamu za kaseini, plastiki inayotokana na maziwa, na kaseini ukiiloweka inavimba na kupinda, hairudi tena. Kwa hiyo kabla ya maji, nusa.

Shingo ya kalamu hii haina uzi, imebanwa tu, na juu ya kubanwa imegandishwa. Inataka joto, lakini seluloidi na moto ni maadui. Inashika haraka kuliko karatasi. Nikaenda saluni kwa dada yangu nikaomba draya. Wateja wawili chini ya kofia za mvuke walinitazama nikikausha kalamu kama mtu anayekausha nywele za mwanasesere. Kipimo changu kilikuwa kidole: nikishindwa kuishika, imezidi. Nikapuliza, nikazungusha, nikapuliza tena. Mara ya tano shingo ikalia "tk" ikatoka.

Kifuko kilikuwa makaa. Sitii chumvi: mpira ule ulikuwa umegeuka kitu kigumu, cheusi, kinachovunjika kama mkaa wa mwisho wa gunia, na vipande vingine vimeng'ang'ania ukutani. Nimevitoa kwa kijiti cha mshikaki. Joto na unyevu wa pwani havina huruma kwa mpira.

Halafu nikafanya ujinga. Mwili ulikuwa umefifia, nikachukua dawa ya kung'arishia shaba na kitambaa, nikasugua. Iling'aa, na rangi ya marumaru ikatoka ndani kama asali. Nikaendelea kusugua kwa raha. Nilipoiinua kwenye mwanga, yale maandishi membamba ya jina na namba 58 yalikuwa hayapo tena. Yalichongwa juujuu, na mimi nimeyala kwa kitambaa. Kwa mkusanyaji, kalamu iliyofutika jina ni kama hati isiyo na mhuri. Nilijifariji kwamba hii ni ya kujifunzia.

Jumamosi, 25 Januari

Nimekwenda kwa fundi saa wa barabara ya 12, yule wa barazani mwenye kabati la kioo.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba. Saa imekufa?"

"Si saa, ni kalamu."

Akavaa lenzi yake jichoni, akaichukua Conway, akaigeuza nibu juu chini kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea.

"Ya nani hii?"

"Ya babu. Lakini hii ni ya kujifunzia."

"Nani kakwambia ni ya kujifunzia?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akaitua, akachukua kalipa, kile chombo chake cha kupimia upana, kupima mahali kifuko kinapovaa. Vifuko huhesabiwa kwa sehemu za 64 za inchi: namba 16 ni robo inchi, namba 18 ni pana kidogo, na kadhalika. Tukapata 16 au 17, na mimi nimeagiza zote mbili kutoka Uingereza, kwa sababu posta ikikuletea kisichofaa huwezi kukirudisha bila kulia. Gundi yake ni shelaki, na hiyo haihitaji kuagizwa. Ni vile vipande vya rangi ya asali ambavyo maseremala huloweka kwenye spiriti na kupaka samani. Uzuri wa shelaki ni kwamba inashika, na siku nyingine mtu akitaka kufungua, joto kidogo linaiachisha. Gundi ya kisasa ya matone, ile inayoshika mpaka vidole, ni laana ya kalamu za zamani.

Fundi ameniazima lenzi moja. Mkataba: nikirudisha, nimletee ile kalamu ya mwisho, isiyo na jina. Anasema sura yake inampendeza.

Jumapili, 2 Februari

Hiyo isiyo na jina imenishinda jioni nzima. Niliiloweka shingo yake kwenye maji ya uvuguvugu, maji yakawa ya zambarau. Nikabadilisha, zambarau. Mara kumi na mbili, zambarau. Baadaye nikatambua ile harufu na ule utelezi: wino wa mhuri! Wino ule haukauki kwa haraka, ndiyo kazi yake kwenye kile kidau cha sponji, na ukiutia kwenye kalamu unajaza mifereji ya ulimi kama lami.

Sina wa kumlaumu. Nakumbuka simulizi za mwanzoni mwa miaka ya 1980, sabuni kwa foleni, sukari kwa kibali. Chupa ya wino ingetoka wapi? Mtu alikuwa na kalamu na ana barua ya kuandika, na ofisini kuna wino wa mhuri. Nimetia matone machache ya amonia na tone la sabuni ya vyombo kwenye maji, nimeiacha ilale humo.

Osmiroid sitaitengeneza. Ilikuwa kalamu ya wanafunzi, nibu yake inafunguka kwa uzi ukabadilisha nyingine, jambo zuri sana, lakini kifuniko kimepasuka na seluloidi ya kiraka sina. Inabaki kuwa ghala la vipuri.

Jumamosi, 8 Februari

Vifuko bado. Nimeona niitazame nibu ya Conway wakati nasubiri.

Nimeiosha kwa mswaki wa mtoto, nikaichovya tu kwenye wino kama kalamu za kuchovya, nikaandika mstari mmoja ukurasa wa mwisho wa daftari hili: "Bismillahi. Jaribio la kwanza, Conway, kabla ya kugusa nibu." Inakwaruza. Mistari ya kushuka inatoka minene, ya kupitisha inatoka myembamba kama unywele, na kuna upande ambao ukiugeukia tu inang'ang'ania karatasi. Nikiikunja kushoto kiasi inatulia, lakini nani anaandika hivyo?

Kwenye lenzi nikaona sababu. Dhahabu ya karati 14 ni laini, kwa hiyo kwenye ncha huunganishwa punje ndogo ya metali ngumu, na punje hiyo ikitoka kiwandani huwa imeviringwa. Hii haikuwa mviringo. Upande mmoja umelika ukawa bapa, wa mshazari, kama kisigino cha kiatu cha mtu anayekanyaga kwa ubavu.

Nikaona huu ni ubovu na dawa yake ipo saluni. Wale mabinti wa kucha wana kile kipande cha sponji chenye pande nne, upande wa mwisho ni laini kabisa wa kuleta mng'ao. Nikachora namba nane juu yake, kubwa, ndogo, nikigeuza kalamu kama inavyokaa mkononi mwangu. Nikaanza na upande wa kukwangua kabla ya ule laini, kwa kuwa punje ni ngumu na mimi nina haraka. Dakika ishirini hivi, nikitazama kwenye lenzi kila baada ya muda. Sasa ni duara safi, inateleza, mstari ni mmoja kokote uendako. Nimefurahi mno. Nimeandika ukurasa mzima wa majina ya vituo vya basi vya kutoka hapa mpaka Segera.

Jumamosi, 22 Februari

Vifuko vimefika. Namba 16 ndiyo iliyofaa. Nimekikata kwa urefu wa kutofika mwisho wa mwili, nikapaka shelaki nyembamba kwenye chuchu ya shingo, pale kifuko kinapovaa, nikakivesha, nikakilaza usiku mzima. Asubuhi nikakipaka poda ya talki isiyo na manukato, ili mpira usigande na bamba. Wenzo ulikuwa umeshaachia kwa tone la mafuta ya cherehani.

Nimeijaza wino wa Quink, bluu nyeusi. Niliinua wenzo mara moja, nikauteremsha, nikahesabu mpaka kumi nibu ikiwa bado ndani ya chupa, kwa sababu kifuko kinavuta polepole na wengi huitoa mapema wakapata nusu. Nikaifuta. Ikaandika bila kusitasita tangu herufi ya kwanza. Kalamu iliyokuwa na makaa tumboni!

Lalamiko ni kwa karatasi. Kauntabuku za siku hizi zinakunywa wino kama mchanga. Herufi inaota manyoya pembeni, na nyuma ya ukurasa unaisoma kinyume. Jalada la risiti za mwaka 1958 nililolikuta kabatini kwa babu linapokea wino na kuushikilia juu, msafi, ukingo wake kama umekatwa kwa wembe. Nimeanza kununua karatasi za kuchapia barua zilizo nzito nikazikata na kuzishona mwenyewe. Mke wangu ameuliza kama huu mradi una bajeti.

Jumamosi, 15 Machi

Mfungo. Mchana sina nguvu ya kazi ya macho, usiku nalala. Nimegusa Hero tu, na Hero haikutaka zaidi ya saa moja.

Nataka kuitetea hapa kalamu hii. Watu wa kalamu za zamani wakiitaja Hero 616 huitaja kwa kukunja pua: kopi ya Parker 51, ya Kichina, ya bei ya chini. Ni kopi kweli, nibu yake imefichwa vilevile, kifuniko kilekile cha kuchomeka bila uzi. Lakini ni kalamu gani ya wino mtoto wa Tanzania wa rika langu aliiona kwa macho yake? Parker tuliisikia. Hero tuliiona mfukoni mwa mwalimu, na doa la bluu chini yake kwenye shati. Bidhaa za China zilijaa madukani kwetu tangu enzi ya TAZARA, reli iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, kwa kuwa sehemu ya gharama za ndani za ujenzi ilipatikana kwa kuuza bidhaa za China hapa na Zambia. Sishangai kuikuta Hero kwenye kopo la karani mstaafu wa Tanga.

Niliibana kifuko mara kadhaa ndani ya maji, ikatema bluu, nikajaza wino. Inaandika mstari mwembamba, mkavu kidogo, unaovumilia hata kauntabuku. Nibu ya chuma, hakuna cha kuhofia. Ndiyo niliyoandikia mahesabu ya futari mwezi huu.

Jumamosi, 5 Aprili

Idd imepita. Zamu ya Parker.

Niliitandikia kitambaa cheupe mezani, nikanawa mikono. Parker 51 ilitoka rasmi 1941, na jina lake ni kumbukumbu ya 1939, mwaka wa 51 wa kampuni aliyoianzisha George Parker pale Janesville, Wisconsin. Wazo lake lilikuwa kuufunika mdomo wote wa kalamu, nibu ifichwe ndani, ibaki ncha tu, ili wino usikauke mapema. Walitaka iende na wino wao wa kukauka haraka kwenye karatasi, wino mkali uliokuwa ukiharibu plastiki za kalamu nyingine, ndiyo maana mwili ukatengenezwa kwa Lucite, plastiki ya akriliki inayouhimili. Na kweli: Conway ya seluloidi ilikuwa imechujuka na kufifia, hii nyeusi haina hata wingu.

Yangu ni ya mtindo ulioanza 1948, ambao badala ya pampu ina kifuko cha plastiki angavu ndani ya ganda la chuma, unabonyeza bamba mara kadhaa kinajaa. Imeandikwa imetengenezwa Uingereza, yaani ni ya kiwanda chao cha Newhaven. Vifuko hivi vya plastiki ndiyo maajabu yenyewe. Vya mpira vinakuwa makaa, hivi miaka hamsini na zaidi vinaendelea kunywa.

Nikaifungua nikitegemea kukuta kifuko cheusi kwa wino wa miaka. Kilikuwa cheupe. Angavu kama mfuko wa maji ya kandoro.

Niliibana ndani ya glasi ya maji ya uvuguvugu, nikingoja bluu itoke. Ikatoka kidogo sana, kama pumzi, mara ya kwanza na ya pili. Mara ya tatu maji yalikuwa safi. Nikaitazama ncha kwenye lenzi: punje ya mviringo kamili, hakuna palipolika. Nikaijaza, nikaandika. Mstari laini, sawasawa pande zote, mzuri, usio na tabia.

Sijaifungua mdomo na sitaifungua. Inafanya kazi, sina sababu.

Lakini mtu aliyejaza vitabu vya mishahara miaka yote hiyo, kalamu yake inakuwaje haina hata doa?

Jumamosi, 12 Aprili

Nimekwenda Pangani kwa shangazi, na kopo lote mkononi. Yeye ndiye aliyekaa na babu miaka ya mwisho, na madaftari yake anayo yeye.

Nilimtolea Parker kwanza, kwa mbwembwe. Akaitazama akacheka.

"Hiyo walimpa wenzake alipostaafu. Walichanga. Ilikuwa ya mfukoni hiyo, baba, si ya mkononi. Ijumaa na harusi. Ule mshale uonekane juu ya kanzu." Akanionyesha kwa kidole kifuani mwake mahali ulipokaa. "Akiwa wali anatia sahihi kwayo, basi. Anairudisha."

"Sasa alikuwa anaandikia nini?"

Akapekua kopo. Akaitoa Conway, akaigeuza, akasita. "Ni hii, lakini mbona inang'aa hivi? Ile ya kijiti cha pembeni. Tulikuwa tukiigusa tunachapwa."

Nilinyamaza. Akaenda ndani akarudi na madaftari manne. Mahesabu ya nyumbani: idadi ya nazi, nani anadaiwa, siku mvua iliponyesha, nani amezaliwa. Yote kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Nilijua babu alisoma chuoni, kwenye chuo cha Kurani, sikujua kwamba mambo yake mwenyewe aliyaandika hivyo na kuuachia mwajiri herufi za Kizungu. Na mwandiko wenyewe! Alifu zimesimama nene kama nguzo za baraza, mikia ya herufi inatoka myembamba ikaishia hewani.

Shangazi alinisomea kidogo, mimi nasoma kwa kudokoa. Kwenye moja tumekuta siku niliyozaliwa mimi. Ameandika pia bei ya mchele siku hiyo.

Jumapili, 13 Aprili

Nimerudi na daftari moja kwa kuazima. Usiku nimeliweka kando ya ukurasa wa mwisho wa shajara hii, ule mstari wa "kabla ya kugusa nibu", nikatazama kwa lenzi. Unene ni uleule na wembamba ni uleule, hata ile pembe ambayo mstari mnene unakatikia ni ileile. Chini yake nikaandika sentensi hiyohiyo kwa Conway ilivyo sasa. Mstari mmoja kokote uendako, kama wa Parker.

Nadhani ilikuwa hivi. Chuoni waliandika kwa kalamu ya tete, na tete hukatwa ncha yake mshazari, ndipo herufi zipate unene na wembamba. Mkono ukishazoea pembe hiyo hauiachi. Babu alipopata kalamu ya dhahabu aliishika kama tete, kuelekea kulia kwa kazi ya watu na kuelekea kushoto kwa mambo yake, na punje ngumu kuliko dhahabu ikalika polepole mpaka ikafuata mkono wake. Ile nibu niliyoiona mbovu ilikuwa imeshanolewa, kwa miaka, na karatasi tu. Nami nimeiondoa kwa sponji ya kucha ndani ya dakika ishirini, huku nikifurahi.

Na jina nililifuta Januari.

Jumamosi, 19 Aprili

Nimerudisha lenzi kwa fundi saa, pamoja na ile kalamu isiyo na jina. Zambarau imekwisha, inaandika vizuri. Ameiweka mfukoni papo hapo.

Nikamweleza habari ya Conway. Hakuniambia "nilikuuliza", ingawa aliniuliza. Akaivaa lenzi, akaitazama nibu tena.

"Punje bado ipo nene ya kutosha," akasema. "Naweza kuikata mshazari. Itatoa nene na nyembamba."

"Kama ile ya babu?"

"Kama ya fundi saa."

Nimeichukua nikarudi nayo. Kwa sasa inabaki hivyo, na nimehamisha kazi zangu zote kwake: orodha za dukani, alama za wanafunzi, shajara hii kuanzia ukurasa wa leo. Ule mstari wa mwisho wa daftari nimeukatia karatasi ya nailoni nikaufunika usiloe.

Hesabu ya kopo: Conway inatumika. Hero ameichukua binti yangu, anasema ya kwake peke yake. Osmiroid vipuri. Quink imebaki robo chupa. Baba mdogo kapiga simu, amesikia mahali kwamba zile kalamu zina dhahabu. Nimemwambia aje anywe chai tuzungumze.

Parker naipeleka Pangani Jumamosi ijayo. Mtoto wa shangazi anaoa mwezi ujao, na inatakiwa mfukoni mwa kanzu siku hiyo. Nilimuuliza angependa wino wa rangi gani, nyeusi au bluu. Akashtuka.

"Usiitie wino kabisa," akasema. "Itaharibu kanzu."